Damu ya Kuku kwa Jina la Mkwe

Mliofuatana nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika kwenye maabara ile. Waliochelewa niwape kwa ufupi. Naitwa Selestine Wangwe, mtu wa Kenyamonta. Shule ilinishinda kwa mambo niliyokwisha kuyasimulia, ng'ombe wa baba wakafa kwa ndigana, na mwaka 1956 nikaishia kuosha vichupa katika hospitali ya misheni upande wa Tarime.

Wiki jana niliwaeleza kazi yenyewe, na nasikia mama mmoja wa Musoma aliliweka gazeti kando akaacha na chai yake. Simlaumu. Kila asubuhi nilizoa bandeji za wodi ya vidonda, nikaziloweka katika maji ya chumvi, nikazikamua usaha kwa mikono hii ninayoandikia.

Daktari wetu Mzungu, tuliyemwita Bwana Miwani, alikuwa anatafuta kitu ndani ya usaha ule. Aliutia sabuni na chumvi, kisha akamimina spiriti baridi juu yake pole pole. Hapo kitu cheupe kikaanza kujikusanya, chenye kuteleza. Alikizungusha kwenye kijiti cha kioo na chenyewe kikafuata, kirefu, kama kamasi la mtoto.

"Huu ndio uzi wa uhai, Selestine," akasema, na kukiinua dirishani akikitabasamia. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, natapika.

Alisema ndani ya uzi huo ndimo ndama anamorithi pembe za baba yake, na kwamba hata huko Ulaya umbo lake walilijua juzi tu. Mimi nilichojua ni kwamba nikila ugali jioni, vidole vyangu vilinuka wodi ya vidonda.

Kuuona uzi hakukumtosha. Alitaka kuupima. Tulichukua usaha, au damu, tukaisafisha, tukaizungusha kwenye mashine ya mkono, tukaitia dawa yake iliyochanganywa na siki kali inayokata pua, kisha kichupa kikachemshwa ndani ya sufuria ya maji. Kama uzi umo, maji yanageuka buluu. Uzi ukiwa mwingi, buluu inakolea. Dirishani palikuwa na vichupa vinane vya kulinganishia, namba moja karibu nyeupe, namba nane buluu ya wino. Damu ya mtu asiye mgonjwa haikuvuka namba moja, kwa sababu ni chembe nyeupe tu zilizo na uzi, na hizo katika damu ni chache. Wagonjwa wawili watatu walivuka, na hao Bwana Miwani aliwaita kando, akawaambia wana saratani ya damu.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Jumatatu moja mke wangu Nyangi alimleta mama yake kutoka Nyangoto. Jina lake Mokami. Alikuwa amekonda, jasho linamtoka bila kazi, na ubavu wa kushoto umevimba. Mimi sikushtuka. Nani kwetu hana wengu uliovimba kwa malaria? Bwana Miwani akambonyeza ubavu, akakunja uso, akaniambia nimtoe damu na kuipima uzi.

Mwenzangu wa maabara alikuwa likizo. Darubini yetu ilikuwa Nairobi tangu Pasaka, kioo chake kimepasuka. Nilibaki mimi na bomba la sindano.

Wasomaji wa pwani watacheka, basi wacheke. Kwetu mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono. Mkikutana njiani mmoja wenu anaacha njia na kuingia majanini. Ukimgusa mwili, na umtoe damu yake mwenyewe kwa mkono wako, hilo si jambo la kuomba radhi likaisha. Wazee watakukalisha chini, mbuzi atachinjwa, na hata baada ya hapo watu watakunong'ona mpaka kaburini.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia daktari. Nilikwisha kumwambia habari za mwiko mara moja, siku aliponipa ndoo ya kondo la nyuma nikaitupe, nikakataa kwamba si kazi ya mwanamume. Alivua miwani. Akaniambia nikilitamka tena neno mwiko nitarudi Kenyamonta siku ileile, na kwamba Mkristo hana mwiko. Nyumbani nilikuwa na mtoto, Boke, hajaota hata meno.

Nikaenda. Mokami alikuwa amelala nyuma ya pazia. Aliposikia kiatu changu alijua ni mimi, akajifunika kanga kichwa kizima, na nikasikia sauti imemtoka kooni, ya mnyama aliyebanwa zizini. Mkono wake ulikuwa nje, umelala juu ya shuka. Niliuona mpaka mishipa. Nikageuka, nikatoka na bomba langu tupu.

Nikapita nyuma ya jiko. Siku hiyo misheni ilikuwa na wageni, na Nikodemo mpishi alikuwa anachinja kuku. Mmoja alikuwa bado anarusharusha miguu, damu inamchuruzika kwenye bakuli, manyoya yameelea juu yake.

Nikamwambia Nikodemo daktari anataka damu kidogo ya majaribio. Akanisogezea bakuli bila kuuliza. Nikaondoa manyoya kwa kidole, nikaikinga katika kichupa, nikatia chumvi yake ya kuizuia isigande, na juu ya karatasi nikaandika: Mokami, Nyangoto.

Najua mnalotaka kusema. Mbona nisijitoboe mwenyewe? Damu ya mtu ingekuwa damu ya mtu, na leo nisingekuwa naandika haya. Niliwaza hivyo, Mungu anajua. Lakini damu yangu iitwe ya mama wa mke wangu? Mimi na yeye tuwe damu moja, kisha jioni nikalale na binti yake? Mpaka leo mwili unanisisimka. Kuku si ndugu wa mtu. Tena niliwaza kuku ni mdogo, na uzi wake utakuwa mdogo. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu.

Damu ile ilipotiwa sabuni iligeuka uji mzito. Nilipotaka kuimimina haikumiminika, ilitoka kipande kizima, ikaninginia mdomoni mwa kichupa, ikanirudia mkononi. Sijapata kushika kitu kichafu namna ile, na usaha nimeushika. Nikaichemsha mbio mbio niiondoe machoni. Ikawa buluu. Ikapita namba sita, ikapita nane, ikawa karibu nyeusi.

Kabla sijapata akili ya kuimwaga, Bwana Miwani alikuwa begani kwangu.

Alikichukua kichupa, akakiweka penye mwanga, akasoma jina. Kisha akaniuliza kama huyu ndiye mama wa mke wangu. Nikasema ndiye. Akaniwekea mkono begani, mkono wa huruma, na hapo ndipo nilipaswa kusema. Sikusema. Usiku ule misheni waliniletea mapaja ya yule kuku nikampelekee mgonjwa wangu. Nilimtupia mbwa.

Baada ya siku nane vidonge viliwasili kwa basi la Nairobi. Bwana Miwani alinieleza taratibu, kwa kuwa mimi ndiye ningempelekea Nyangi ampe mama yake. Ni sumu, alisema, sumu inayoua damu mbaya. Asiye mgonjwa akivinywa, vitamkausha damu yake nzuri mpaka afe.

Niliondoka na kopo lile mkononi linanichoma. Mama mkwe wangu ana malaria tu, nami nampelekea kifo kwa ajili ya kuku.

Nikafanya uchafu wa pili kufunika wa kwanza. Vile vidonge nilivimwaga chooni vyote, ndani ya kopo nikatia vidonge vya kiungulia, vyeupe vilevile, vidogo vilevile. Nikampa Nyangi. Wiki tano Mokami akavimeza pale wodini, viwili asubuhi na viwili jioni, na mimi nikaanza kulala. Nilijiona mwerevu. Nikijikumbuka nilivyopiga mluzi maabarani siku zile, natamani kujitemea mate.

Wiki ya tano Bwana Miwani akambonyeza tena ubavu. Uvimbe haukupungua. Ulikuwa umefika karibu na kitovu. Akatoka amekunja uso, akatangaza kwamba dawa imeshindwa, kwa hiyo atampasua amtoe wengu, Alhamisi asubuhi. Kwa siku zangu pale alikuwa amewapasua hivyo watu wawili. Mmoja alirudi kwao kwa miguu. Wa pili alirudi juu ya machela.

Nyangi alilia hata ziwa likakauka, Boke akawa anavuta na kulia naye. Mimi nilikaa nje ya nyumba nikawaza: mwanamke mwenye malaria anakwenda kupasuliwa tumbo kwa sababu mimi niliogopa kumshika mkono. Asubuhi ya Jumatano nikaingia ndani, nikamweleza mke wangu yote, kuku, kopo, choo.

Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alitema mate chini, karibu na mguu wangu.

"Mama yangu umempa jina la kuku," akasema. "Mama yangu, ambaye nyama ya kuku hajapata kuionja maishani mwake."

Kwetu wanawake wa umri wake hawali kuku, na mimi hilo nilikuwa hata sijalifikiria. Nikainama.

Kumbe maneno yangu yalikuwa bado yanamwingia. Nikamwona anabadilika uso pole pole. Akakaa chini. Akauliza kama basi mama haumwi saratani. Nikamwambia haumwi, ni malaria na wengu wa malaria. Akauliza tena, nikamjibu tena. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akanishika magoti.

"Baba Boke, wewe ni mtu mchafu sana," akasema. "Lakini kuvitupa vile vidonge, hapo umemwokoa mama. Kwa hilo moja nakushukuru."

Yashikeni maneno hayo.

Tukaenda wote kwa Bwana Miwani. Njiani tulikubaliana nitasema la kuku tu, maana hilo latosha kuzuia kisu. La vidonge lilikuwa la nini? Angenifukuza mara mbili. Nikasimama mbele ya meza yake, nikasema damu ile haikuwa ya Mokami, ilikuwa ya kuku wa Nikodemo, na nikaeleza sababu.

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alivua miwani, akajifuta macho, na alipoanza kusema sauti ilikuwa ya chini. Aliniuliza kama najua kwamba katika damu ya ndege chembe zote, hata zile nyekundu, zina uzi. Nikasema sikujua. Akasema amekwisha kuandika barua Ulaya juu ya mgonjwa huyu, kwamba hajapata kuona namba kama ile. Akanitazama tena namna ninavyotazama mimi bandeji za asubuhi.

Akafungua kabati, akatoa bomba la sindano na kuliweka mbele yangu.

"Utamtoa damu wewe," akasema. "Mbele yangu. Sasa."

Nyangi alitangulia kwenda nyuma ya pazia. Nikasikia wananong'ona Kikurya muda mrefu. Bwana Miwani alitazama saa yake mara mbili. Mwisho Nyangi akatoa kichwa, akaniambia mama amesema nije, ila nisimsalimie, na nikimaliza nisiseme kwamba nimemaliza. Yeye atageukia ukutani. Mtu asiyemwona hawezi kusema alikuwa ni nani.

Nikaingia. Mokami alikuwa amegeukia ukutani na kujifunika kanga, na ule mkono ulikuwa nje juu ya shuka, kiganja juu, umenyooshwa, umetulia. Mwanamke wa miaka sitini alinitafutia njia ya kupita kwa muda wa kunong'ona tu, na mimi kwa wiki sita sikuona njia nyingine ila kuku na choo.

Nilimshika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha moto na chembamba. Mwili wangu wote ulikataa. Nikachoma. Damu ilipoingia kwenye bomba niliona ina weupe weupe kidogo, kama iliyotiwa tone la maziwa. Nikajiambia ni macho yangu yenye machozi.

Maabarani Bwana Miwani aliniachia nifanye yote mwenyewe, hatua kwa hatua, yeye amesimama na mikono nyuma. Nikaisafisha. Nikazungusha mashine mpaka bega likauma. Nikatia dawa ya siki, pua ikachomeka. Kando nikatia damu ya Bwana Miwani mwenyewe, aliyojitoa mbele yangu, ili pawe na ya mtu asiye mgonjwa ya kulinganisha. Vichupa viwili ndani ya sufuria moja, stovu ikivuma.

Nyangi alisimama mlangoni na Boke mgongoni. Alikuwa ananitabasamia. Alikuwa ameshafunga vyombo vya mama yake kwenye kitambaa, tayari kwa safari ya Nyangoto.

Maji yakatokota. Kichupa cha Bwana Miwani kilibaki cheupe.

Cha Mokami kilianza kubadilika chini. Nikasema ni kivuli. Nikakitikisa. Kikapanda, kikakolea. Nikakitoa kwa koleo, nikakipeleka dirishani penye vile vinane. Nikakiweka kando ya namba mbili. Nikakisogeza namba nne. Kikakaa namba sita, sawasawa.

Bwana Miwani akakitoa mkononi mwangu, akakirudisha dirishani, akakilinganisha mwenyewe mara tatu.

"Anaumwa kweli," akasema. "Tangu mwanzo alikuwa anaumwa kweli. Wewe ulidanganya, Selestine, na uongo wako ukaangukia penye ukweli." Akakaa kwenye kiti, na nikamwona amepata nafuu, mzee wa watu. "Mungu ana njia zake. Bila kuku wako nisingeagiza vidonge. Angalau dawa amekunywa wiki tano."

Nikatazama mlangoni. Tabasamu la Nyangi lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale, macho yamekwisha kuelewa. Kile kitambaa cha vyombo kikamtoka mkononi, bakuli likabingirika mpaka miguuni pangu.

Bwana Miwani alikuwa ameshashika kalamu. Alikuwa anajisemea kwamba ni ajabu, dawa ya wiki tano na bado yuko namba sita. Basi damu yake imekataa dawa. Hakuna haja ya kuagiza vingine, wala ya kungoja. Kesho saa moja asubuhi anapasua, kama ilivyopangwa. Akaanza kuandika.

Nilifungua mdomo. Ulikuwa na ladha ya siki. Neno moja tu lingeizuia kalamu ile, na neno hilo lilikuwa chooni, pamoja na vile vidonge.

Ndipo sauti ya Mokami ikatoka nyuma ya pazia, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Hakusema nami, hawezi kusema nami. Alimwita binti yake kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu aliyefurahi.

"Nyangi, mwambie mkwe wangu namshukuru. Mwambie vidonge vyake nimevimeza vyote. Hata siku nilizotapika, niliviokota humo humo, nikavimeza tena."

Kwa desturi Nyangi alipaswa kunirudia maneno hayo, kana kwamba sikuyasikia. Hakunirudia. Alinitazama tu mdomoni, akingoja. Bwana Miwani naye akauliza mama anasemaje, akaacha kuandika, akanitazama.